Fomu ya Kurasa Mbili: Niliyojifunza katika Tuzo za Sayansi ya Siasa

Fomu ya kupendekeza mshindi wa tuzo ya tasnifu bora katika idara yetu ilikuwa na kurasa mbili tu. Ukurasa wa kwanza ulitaka jina la mwanafunzi, namba ya usajili, mada ya tasnifu na jina la msimamizi. Ukurasa wa pili ulikuwa mtupu, isipokuwa mstari mmoja wa maelekezo uliomtaka msimamizi aeleze, kwa maneno yasiyozidi 500, kwa nini kazi hiyo inastahili kutuzwa. Mwisho wa kuirudisha ulikuwa siku ya Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Ijumaa hiyo ilipofika, fomu niliyoichukua kwa katibu muhtasi wa idara wiki mbili kabla ilikuwa ingali mezani kwangu, chini ya rundo la karatasi za mitihani, na ukurasa wa pili haukuwa na neno hata moja.

Mwanafunzi aliyestahili kuandikwa kwenye fomu ile alikuwa binti wa shahada ya uzamili niliyemsimamia kwa mwaka mmoja na nusu. Nilikuwa nimesoma tasnifu yake rasimu kwa rasimu, na mtahini wa nje alikuwa ameipitisha kwa marekebisho madogo. Sikuwa na shaka yoyote juu ya ubora wake. Niliahirisha kuandika kwa sababu nilidhani kwamba kazi nzuri hujulikana yenyewe, kwamba wenzangu waliomsikia akiitetea wangeikumbuka, na kwamba hata nisipoandika mimi, kuna atakayesema neno kikaoni. Hakuna aliyesema. Kamati ilipokutana Jumatatu ilikuta fomu mbili za wanafunzi wengine, ikazisoma, ikachagua moja, na ikatenda haki, maana kamati haiwezi kuiona kazi ambayo haikufikishwa mezani pake. Kosa lilikuwa langu mimi, na kila msimu wa tuzo unapokaribia hunirudia kana kwamba limetokea jana.

Ni lazima nieleze kazi yenyewe ilikuwa ipi, vinginevyo msomaji hataona ni kitu gani kilichoachwa chini ya lile rundo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile inayohusu mamlaka za wilaya, inaufanya mkutano mkuu wa kijiji kuwa chombo cha wakazi wote waliofikisha umri wa miaka 18, na kwa utaratibu mkutano huo huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Wanafunzi wetu wengi hukinukuu kifungu hicho katika sura ya kwanza, wakakisifu au wakakilaumu, kisha wakaendelea na nadharia za demokrasia. Binti huyu alikwenda katika vijiji tisa vya mkoa wa Morogoro, akajitambulisha kwa wenyeviti na watendaji wa vijiji, akaomba jambo moja ambalo mimi, katika miaka yangu yote ya utafiti, sikuwahi kufikiria kuliomba: asome mihtasari ya mikutano iliyopita, yote, tangu daftari la kwanza lililosalia.

Mihtasari ya kijiji huandikwa kwa mkono kwenye kaunta buku. Alinionyesha picha alizopiga kwa simu yake: majalada yaliyoliwa pembe na mchwa, wino wa buluu uliofifia, mhuri wa kijiji uliopigwa upandeupande, na mwishoni orodha ya mahudhurio ambamo saini zimechanganyika na alama za dole gumba. Katika ukurasa mmoja mtendaji alikuwa ameandika kwamba mjumbe mwanamke aliuliza fedha za ujenzi wa zahanati ziko wapi, na kwamba mwenyekiti alijibu zinafuatiliwa. Robo iliyofuata, mwanamke huyo huyo, swali hilo hilo, jibu hilo hilo. Robo ya tatu vilevile. Robo ya nne swali halikuwemo tena. Msomaji wa haraka angesema suala limekwisha, lakini zahanati ilikuwa bado haijajengwa; binti alifunua hadi kwenye orodha ya mahudhurio akakuta kwamba jina la muulizaji ndilo lililotoweka. Alilifuatilia jambo hilo kijiji kwa kijiji, akaandika sura nzima juu ya namna hoja za wananchi zinavyokufa katika mikutano bila kukataliwa na mtu yeyote. Nimefundisha somo la ushiriki wa wananchi kwa miaka mingi, na sura ile ilinifundisha kitu ambacho vitabu vyangu havikuwa nacho.

Siku aliyokuja kuniaga alibisha hodi, akaniamkia, nikaitikia marahaba, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama wafanyavyo wanafunzi wasiotaka kumchelewesha mwalimu. Aliomba barua ya utambulisho kwa ajili ya kuombea kazi. Hakuuliza habari za tuzo, kwa kuwa hakujua hata kama ipo. Mwaka uliofuata aliomba nafasi ya uzamivu nje ya nchi, akaniweka miongoni mwa wadhamini wake, na kwa hiyo nilitumiwa nakala ya maombi yake. Palikuwa na sehemu inayouliza ni tuzo na heshima zipi za kitaaluma mwombaji amewahi kupata. Alikuwa ameandika neno moja: hakuna. Nililitazama neno lile kwa muda mrefu. Nafasi ile hakuipata, na siwezi kusema kwamba tuzo ingemwezesha kuipata, lakini najua kwamba neno lile halikuwa kweli kuhusu kazi yake, na kwamba ni mimi niliyemfanya aliandike.

Tangu hapo nilianza kuzitazama tuzo kwa makini ambayo sikuwa nayo. Chuoni kwetu, kama katika vyuo vingi nchini, zawadi nyingi za wanafunzi hutolewa kwa kigezo cha GPA, yaani wastani wa alama. Mwanafunzi bora wa mwaka wa kwanza, mwanafunzi bora wa kike, mhitimu bora wa idara: majina hutolewa kwenye mfumo wa matokeo, hupangwa kuanzia juu kwenda chini, na mahafali yanapokaribia washindi huitwa ukumbini kupokea cheti na bahasha kutoka kwa benki au mfadhili mwingine. Sizidharau zawadi hizo hata kidogo. Nimewaona wazazi waliosafiri kwa basi siku nzima kutoka Kigoma wakisimama na khanga zao kushangilia, na nimewafahamu vijana waliosubiri bumu, fedha za mkopo wa wanafunzi, lililochelewa, wakashinda kwa chai na andazi ili wabakize fedha za fotokopi, na bado wakamaliza na daraja la kwanza. Bahasha ile kwao ni heshima na pia ni nauli. Isitoshe, mwanafunzi wa sayansi ya siasa hana milango mingi ya fedha. Ufadhili wa Samia, kwa mfano, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, uliwalenga waliofaulu vizuri katika tahasusi za sayansi, na waliotoka katika tahasusi za sanaa kama HGL au HGK hawakuwemo.

Lakini zawadi ya GPA haihitaji msomaji. Mashine inatosha. Tuzo ya tasnifu, ya insha au ya makala haiwezi kutolewa mpaka mtu fulani akae chini, asome kurasa mia moja na zaidi, kisha awe tayari kusema mbele ya wenzake kwamba hapa kuna jambo jipya. Katika fani kama yetu, ambayo kiini chake ni swali ambalo mtafiti amelithubutu, tofauti hiyo ni kubwa. Binti wa kaunta buku hakuwa na GPA ya juu kuliko wote. Somo la takwimu la mwaka wa kwanza lilimpa shida, na alama hiyo ilimfuata hadi mwisho.

Katika kipindi hicho niliyarejea maisha ya Ralph Bunche, ambaye jina lake tunalitaja sana darasani kwa sababu ya Tuzo ya Nobeli ya Amani ya mwaka 1950, lakini ambaye kabla ya kuwa msuluhishi alikuwa mwalimu wa sayansi ya siasa. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoikamilisha katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1934, ililinganisha utawala wa Wafaransa huko Togo na Dahomey, ambayo leo ni Benin. Togo ilikuwa chini ya usimamizi wa Shirikisho la Mataifa, Dahomey ilikuwa koloni la kawaida, na Bunche alitaka kujua kama tofauti hiyo iliyoandikwa kwenye mikataba ilileta tofauti yoyote katika maisha ya watu. Alisafiri hadi huko kuangalia mwenyewe, akakuta kwamba tofauti ilikuwa ndogo mno. Harvard ikaipa kazi hiyo zawadi iitwayo Toppan. Miaka michache baadaye, akiwa London, alijifunza Kiswahili kwa Jomo Kenyatta kabla ya kuja Kenya kwa utafiti. Alikuja kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa rais wa Chama cha Sayansi ya Siasa cha Marekani, chama kilichoanzishwa mwaka 1903, na tangu mwaka 1978 chama hicho hutoa tuzo yenye jina lake kwa kazi bora zinazohusu jamii zenye watu wa makabila na tamaduni mbalimbali.

Kilichonigusa ni ile zawadi ya mwaka 1934. Mnobeli mashuhuri hakuwepo bado. Palikuwepo kijana mweusi katika Marekani ya ubaguzi, aliyeandika kuhusu nchi ambazo pengine wasomaji wake hawakujua ziko wapi, na bado kuna watu waliokaa wakaisoma kazi yake hadi mwisho. Binti yule alifanya kazi ya aina hiyo hiyo: alichukua kanuni iliyoandikwa, akaenda kutazama inavyokuwa mikononi mwa watu.

Karibu nasi zaidi kuna Ali Mazrui, mwanazuoni wa sayansi ya siasa, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, mtoto wa Kadhi Mkuu wa Kenya. Matokeo yake ya mtihani wa Cambridge wa sekondari yalikuwa daraja la tatu, na kwa matokeo hayo Makerere haikuwa njia yake. Alifanya kazi ya ukarani katika taasisi ya elimu ya Waislamu pale Mombasa, na akiwa huko alitoa hotuba ya Maulidi mbele ya Gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Hotuba hiyo ndiyo iliyomfungulia njia ya ufadhili wa kwenda Uingereza. Akapata shahada ya kwanza Manchester, ya uzamili Columbia, ya uzamivu Oxford mwaka 1966, na Makerere ile ile ambayo mtihani ulimzuia kuingia ikampa uprofesa na uongozi wa idara ya sayansi ya siasa kabla hajatimiza miaka 35. Ninapowasimulia wanafunzi habari hii huwa wanaipenda kwa sababu ya kupanda kwake. Mimi hukaa zaidi kwenye dakika zile za hotuba, maana daraja la tatu lilikuwa limekwisha kuandikwa, na lisingefutika kama asingepatikana mtu wa kusikiliza.

Miaka mitatu baada ya Ijumaa ile niliomba kuingia katika kamati ya tuzo ya idara. Kwa kawaida mtu hupangiwa kamati hizo na huzipokea kwa kusitasita, kwa sababu hazina posho na huja wakati wa kusahihisha. Nilikaa humo miaka sita, miwili ya mwisho nikiwa mwenyekiti, na mambo niliyoyaona yamebadili namna ninavyofundisha na kusimamia.

Jambo la kwanza ni barua. Nimesoma barua nyingi za walimu wenzangu, watu ninaowaheshimu, zilizosema kwamba mwanafunzi ana bidii, ana nidhamu, anashirikiana vizuri na wenzake na ameandika kazi nzuri sana. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomsaidia mjumbe ambaye usiku huo ana tasnifu kumi za kupitia. Barua iliyotusaidia ilikuwa fupi, na ilisema mambo matatu au manne ya wazi: kabla ya kazi hii tulidhani hivi, mwandishi amekwenda mahali fulani na kutazama kitu fulani, amekuta vile, na anayetaka kuthibitisha asome sura ya nne. Mwalimu asiyeweza kuandika hivyo ama kazi haina jambo jipya, ama hajaisoma vya kutosha. Nilipojaribu kumwandikia binti wa kaunta buku, kwa ajili ya jambo nitakalolieleza, niligundua kwamba rasimu yangu ya kwanza ilianza na maneno "mwanafunzi mwenye bidii". Nikaifuta.

Jambo la pili ni lugha, na hapa naomba niseme kwa kirefu kidogo. Tasnifu zetu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali siasa tunayoichunguza hufanyika kwa Kiswahili: mikutano ya kampeni, vikao vya halmashauri, mijadala ya bungeni, manung'uniko ya kijiweni. Mtafiti hukusanya kwa lugha moja na kutetea kwa lugha nyingine, na katikati hapo vitu vingi huanguka. Kamati bila kukusudia huelemea kwenye kazi yenye Kiingereza laini, na mara nyingi ulaini huo hupatikana kwa kukaa mbali na watu waliohojiwa. Mwaka mmoja tulikuwa na tasnifu kuhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Kila Mtanzania aliyefuatilia siasa anajua uzito wa neno hilo: marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliiruhusu, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaitangaza kuwa kinyume cha Katiba, kwa kuwa mpaka kati ya ukarimu wa kimila na rushwa ya uchaguzi haukuwa ukionekana. Mwandishi alikuwa ametafsiri neno hilo kwa Kiingereza kuanzia sura ya pili na kuendelea, na mjumbe mmoja wa kutoka nje alipoisoma aliuliza kwa nini tasnifu nzima inazungumzia kupokea wageni. Tulirudi kwenye viambatisho, tukasoma mahojiano yenyewe kwa Kiswahili, na huko ndiko kazi ilikuwa hai: mgombea akieleza kwamba ukifika msibani mikono mitupu hujafanya siasa, umetukana wafiwa. Tangu hapo nilisisitiza kwamba wajumbe wasome pia viambatisho, na kwamba angalau mmoja wao awe ameyasoma mahojiano kwa lugha yaliyofanyika. Ninaamini kabisa kwamba ipo siku tasnifu ya sayansi ya siasa itaandikwa na kutuzwa kwa Kiswahili, na sioni sababu ya siku hiyo kuwa mbali.

Mengine yalikuwa ya kiutaratibu na sitakaa nayo. Msimamizi wa mshindani hutoka nje mjadala wa kazi hiyo unapoanza. Kila tasnifu husomwa na watu wawili. Na kila msimamizi hutakiwa kuandika, kwa kila mwanafunzi aliyemaliza, kwamba anapendekeza au hapendekezi, ili ukimya usiwe tena jibu. Utaratibu huu wa mwisho niliupendekeza mimi, na wajumbe wenzangu hawakujua umetoka wapi.

Tuzo za walimu ni habari nyingine. Mwalimu wa chuo kikuu hupandishwa cheo kwa machapisho, na tuzo kubwa za fani hufuata mkondo huo huo. Elinor Ostrom, ambaye alizaliwa mwaka mmoja na Mazrui, alinyimwa nafasi ya kusoma uzamivu wa uchumi kwa sababu hakuwa na hisabati ya kutosha, akasoma sayansi ya siasa, na kwa miongo kadhaa akachunguza namna watu wa kawaida wanavyotunza maji, misitu na malisho ya pamoja bila kungoja serikali wala soko. Chuo Kikuu cha Uppsala huko Uswidi kilimpa Tuzo ya Johan Skytte mwaka 1999, tuzo ambayo ilikuwa na miaka minne tu tangu ianze kutolewa, na miaka kumi baadaye akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya Uchumi. Wasomaji wa fani yake ndio waliomwona kwanza.

Kwa kazi zinazotuhusu sisi, wasomaji hao kwa kiasi kikubwa wako mbali. Mahmood Mamdani, aliyewahi kufundisha Dar es Salaam katika miaka ya 1970, alipata Tuzo ya Herskovits mwaka 1997 kutoka kwa wanazuoni wa masomo ya Afrika walioko Marekani. Kitabu cha Aili Mari Tripp kuhusu wanawake na siasa nchini Uganda kilitunukiwa Tuzo ya Victoria Schuck mwaka 2001, nayo ni ya chama kile kile cha Bunche. Walistahili, na nimezifundisha kazi zao. Ila nakumbuka kwamba Chama cha Sayansi ya Siasa cha Afrika kilizaliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1973, na waliokianzisha walitaka Waafrika wasomane wenyewe kwa wenyewe. Hamu hiyo ninayo bado.

Na kuna mwalimu ambaye mkondo wa machapisho haumfikii. Tulikuwa na mwenzetu, mama mmoja mwenye umri wa kunizidi, aliyefundisha mbinu za utafiti kwa zaidi ya miaka ishirini. Wanafunzi walimwita Mama Mbinu. Hakuchapisha mengi, kwa sababu jioni zake zilikwenda kwenye madodoso ya watoto wa watu, akiyasahihisha swali kwa swali kwa kalamu ya kijani. Binti wa kaunta buku alipita mikononi mwake, na ni yeye aliyemfundisha kuilinganisha orodha ya mahudhurio na mwili wa muhtasari. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu tulipotambua kwamba hajawahi kupendekezwa kwa tuzo yoyote, hata ile ya ufundishaji inayotolewa na ndaki, kitengo cha chuo kinachojumuisha idara yetu na nyingine. Tuliwaandikia wanafunzi wake wa zamani. Barua zilikuja kutoka wizarani, kutoka vyumba vya habari, kutoka halmashauri za wilaya, moja kutoka kwa padri. Alishinda. Siku ya kukabidhiwa alipokea ngao, akashukuru kwa maneno machache, na baada ya hafla akanifuata pembeni akaniuliza kama zile barua zinaweza kutolewa nakala. Nilimpelekea nyumbani, zikiwa zimefungwa pamoja. Alizisoma zote barazani nikiwa nimeketi pale, bila kusema neno, na chai yetu ikapoa. Kisha akaniuliza yule kijana aliyekuja kuwa padri alikuwa yupi, aliyekaa mbele au aliyekaa dirishani.

Nami nikapata nafasi ya kurekebisha sehemu ya kosa langu. Binti alikuwa sasa mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja cha mikoani. Mkutano wa wanataaluma wa ukanda wetu ulitangaza zawadi ya makala bora ya watafiti chipukizi, nikampigia simu siku hiyo hiyo, nikamwomba radhi kwa ile Ijumaa, jambo ambalo hakulijua hadi wakati huo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, sura ile bado ninayo." Aliifanyia kazi miezi miwili. Mimi niliandika barua ya kupendekeza, nikaifuta, nikaiandika upya, hadi ikasema kwa aya mbili kile ambacho kaunta buku zilikuwa zimesema. Hakushika nafasi ya kwanza. Alipewa ya pili, pamoja na maoni ya wasomaji watatu, kurasa nne za maswali makini ambayo aliniambia aliyathamini kuliko cheti, na fedha kidogo.

Fedha hizo alizitumia kuchapisha muhtasari wa utafiti wake kwa Kiswahili, kijitabu chembamba chenye jalada la manjano, akaupeleka katika vijiji vyote tisa. Nilimsindikiza katika kimoja. Majina ya watu hayakuwemo, kama maadili ya utafiti yanavyotaka, na hata kijiji kilipewa herufi tu. Tulikaa chini ya mwembe nje ya ofisi ya mtendaji, akasoma kwa sauti sehemu inayohusu zahanati, swali lilivyoulizwa robo ya kwanza, ya pili, ya tatu, na lilivyokosekana robo ya nne. Mama mmoja mwenye mtandio wa zambarau, aliyekuwa amefika amechelewa na kuketi nyuma ya wenzake, aliinua mkono kabla aya haijaisha.

"Hilo swali ni langu," alisema. Akaomba kijitabu, akataka aonyeshwe mahali penyewe, akaweka kidole kwenye mstari, na hakukiondoa mpaka mtendaji alipofungua kaunta buku mpya na kuanza kuandika tarehe.